Vikombe Bila Mstari

Bi Hidaya alikinyanyua kikombe kwa mikono miwili, akapuliza, akanywa funda la kwanza, kisha akafumba macho kama mtu anayepokea salamu kutoka mbali.

"Hii ndiyo chai," alisema. "Sukari imekolea, tangawizi imekaa mahali pake. Salha mwanangu, Mungu akupe umri."

"Amina, mama."

Salha aligeukia jiko ili mama mkwe wake asiuone uso wake. Ndani ya sufuria ile mlikuwa na maziwa, majani ya chai, tangawizi na hiliki. Sukari haikuwemo hata chembe. Haikuwemo jana, wala mwaka jana.

Walikuwa ndio kwanza wamerudi kutoka kwenye msafara wa asubuhi. Zama hizo Muheza nzima ilitembea. Kengele ya mtaa ililia kunapopambazuka, watu wakatoka majumbani na viatu vya mpira, wengine kanga mabegani, wakaenda hadi daraja la reli na kurudi. Wazee waliwekwa mbele ili vijana wafuate mwendo wao, asiachwe mtu. Hakuna aliyelazimishwa. Ila ukikosekana, jirani angekuja kubisha hodi kuuliza kama umeamka salama, na aibu ya kujibu kwamba ulikuwa umelala tu ilitosha kukuamsha kesho yake.

Bi Siwema, shoga yake Bi Hidaya tangu wakiwa wasichana, alikuwa amepita kunywa chai. Alikunja mkono wa gauni, akatazama karibu na kifundo cha mkono wake wa kushoto. Chini ya ngozi, taa ndogo iliwaka njano.

"Punje yangu leo ina manung'uniko," alisema.

"Yangu hii hapa, itazame." Bi Hidaya alinyoosha mkono. Kijani kibichi, kama jani la mgomba linalochipua. "Na nakunywa chai tamu, unaniona kwa macho yako. Nawaambia kila siku, hamsikii. Sukari haina kosa, shoga. Kosa ni kukaa. Tembea, kula mboga yako ya mchunga, halafu kunywa chai yako kama binadamu."

"Ndiyo maana nami nimerudisha vijiko viwili," alisema Bi Siwema. "Nikasema, ikiwa Hidaya anaweza, mimi nina nini?"

Mwiko ulimponyoka Salha ukaanguka sakafuni.

"Bibi Siwema, wewe unatumia kibandiko cha dawa ya kushusha sukari," alisema, akiinama kuuokota. "Si ungemuuliza nesi kwanza?"

"Nesi!" Bi Hidaya alicheka mpaka kikombe kikatikisika. "Nesi yule hata meno ya mwisho hayajamwota. Ulimi wangu umeijua sukari tangu mama yake hajazaliwa."

Bi Siwema naye akacheka. Salha hakucheka.

Punje zilikuja baada ya ile miaka mibaya ya kisukari, ambayo kila nyumba ilikuwa na mkongojo nyuma ya mlango na mtu wa mguu mmoja barazani. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele. Nesi anakipachika chini ya ngozi, kinaishi kwa joto la mwili, kinaonja damu usiku na mchana, na kinasema kwa rangi. Kijani, damu imetulia. Njano, jihadhari. Nyekundu, sukari imepanda. Bluu, imeshuka mno, na hiyo ndiyo ya kukimbilia. Watu walizizoea hata zikaingia kwenye salamu: ukishaambiwa sijambo, unauliza, punje yasemaje? Ziliokoa miguu mingi, kwa kuwa zilimwonya mtu mapema, wakati kutembea na kubadili sahani bado kunatosha. Lakini punje inaona tu. Haiwezi kumshika mtu mkono asitie kijiko cha nne.

* * *

Mwaka juzi, punje ya Bi Hidaya ilikuwa imeanza kugeuka nyekundu.

Alipoambiwa na nesi abadili maisha, hakubisha. Alikubali msafara wa asubuhi. Alikubali ugali wa mtama na maharage, na mchunga ukajaa nusu ya sahani, na wali ukawa wa siku ya mgeni. Soda aliziacha kwa kicheko. Kitu kimoja alikataa, nacho kilikuwa chai isiyo na sukari.

Haukuwa ubishi wa bure. Marehemu mumewe, Mzee Hizza, alikatwa mguu mmoja, kisha wa pili, na siku aliyofariki aliomba chai tamu. Hospitali wakamnyima. Akaomba tena, wakamnyima tena, akafa akiutazama mlango ambao chai ingeingilia. Bi Hidaya hakuwasamehe. Aliapa kwamba ndani ya nyumba yake hakuna atakayenyimwa chai, yeye wa kwanza.

"Mimi sikatai kufa," alimwambia Salha wakati ule. "Nakataa kufa nimenuna."

Salha alikuwa ameolewa katika nyumba ile akiwa hana mama. Bi Hidaya ndiye aliyemlea uzazi wake wa kwanza, akamkanda kwa maji ya moto, akambebea mtoto usiku ili yeye alale. Mumewe Mhina alifanya kazi ya treni za mizigo na alikuwa njiani mara nyingi. Aliyekaa naye mezani kila siku alikuwa mama huyu. Kila alipoiona taa ile nyekundu mkononi mwake, Salha aliwaza mkongojo nyuma ya mlango.

Basi akavifunga vikombe vya maua katika kanga na kuvipeleka kwa fundi Kihiyo, jirani na stesheni.

Kazi ya fundi Kihiyo ilijulikana. Alizungusha kwenye ukingo wa kikombe uzi wa madini, mwembamba hata jicho lisiuone. Joto la chai liliuamsha. Mdomo ukigusa pale, uzi unautekenya ulimi kwa umeme mdogo, mwepesi kuliko sisimizi akipita mkononi, na ulimi unaapa kwamba umeonja sukari. Watu wengi walivitumia vikombe hivyo wakijua, hasa wale waliotaka kuiacha sukari polepole. Kila kimoja kilipigwa mstari mwekundu kuzunguka kiuno chake. Hiyo ilikuwa sheria.

"Mstari niupitishe juu ya maua au chini?" aliuliza fundi.

"Usiuweke."

Fundi alivua miwani. "Dada yangu, mstari ule si urembo. Mtu punje yake ikienda bluu, anapewa chai tamu haraka. Akipewa kwenye kikombe hiki, ulimi utasema tamu na damu itabaki na njaa."

"Mama akiuona atavivunja vyote. Fundi, havitatoka nyumbani kwangu."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Fundi alisita. Mama yake mwenyewe alikuwa ameketi pale mlangoni, shuka limefunika mahali ambapo magoti yake yalikuwa zamani. Akamtazama mama yule, akamtazama Salha, akaivaa miwani yake.

Tangu hapo punje ya Bi Hidaya ilirudi njano, kisha kijani, na haikuondoka.

* * *

Mama Chausiku alibisha hodi siku mbili kabla ya harusi ya binti yake.

"Shikamoo Bi Hidaya. Nimekuja na beseni mikononi, unanijua shida yangu."

"Marahaba. Shida gani, vyombo si vipo!" Bi Hidaya alikuwa ameshasimama.

Upande ule wa Muheza hapakuwa na nyumba yenye vyombo vya kutosha harusi, na hakuna aliyeona haya kwa hilo. Sahani zilitoka huku, sinia kule, vikombe nyumba kumi. Kila nyumba ilitia tone la rangi ya kucha chini ya vyombo vyake ili viweze kurudi kwao. Tone la Bi Hidaya lilikuwa kijani. Kuazima vyombo ilikuwa njia ya kuonyesha kwamba mnapendana, na kuvinyima ilikuwa kutangaza ugomvi.

"Hivi vya maua viache, mama," alisema Salha alipoona kabati linafunguliwa. "Vina nyufa."

"Nyufa?" Bi Hidaya alikigeuza kimoja kwenye mwanga. "Ufa uko wapi?"

"Nasema... tungebaki na vya kunywea sisi."

"Sisi tutanywea bilauri za bati. Salha! Tangu lini nyumba hii inamchagulia jirani vyombo? Mama Chausiku, msamehe mkwe wangu, leo kaamka vibaya."

"Mwache, Bi Hidaya, nani hapendi vikombe vyake," alisema Mama Chausiku kwa upole, naye akavipanga kwenye beseni, akitia karatasi katikati visigongane.

Neno lilimfikia Salha kwenye meno. Alimwona Bi Hidaya akitabasamu, akimsaidia jirani kuliinua beseni kichwani, na neno likarudi lilikotoka. Ni harusi tu, alijiambia. Vikombe vitakuwa vingi, watu watakunywa chai, itakuwa tamu zaidi kidogo, nani atadhurika? Hata hivyo, siku ya harusi aliamka mapema kuliko wote, akaenda kujitolea jikoni ili avitupie jicho.

Hakuvitupia jicho. Alipofika alipewa gunia la vitunguu.

* * *

Harusi ile ilipikwa uani, kwenye majiko ya jua yaliyopangwa safu, isipokuwa pilau. Pilau ilipikwa kwa kuni na mkaa, maana kuna mambo ambayo hata zama hizo watu hawakukubali kuyabadili. Na hapakuwa na pilau iliyopakuliwa upande ule kabla Bi Hidaya hajaionja. Alikuja na kijiko chake mwenyewe, kimefungwa kwenye ncha ya kanga. Alipita sufuria hadi sufuria, akidondosha kidogo kiganjani, akilamba, akinyamaza, na wapishi wakisubiri kama watoto wa shule.

"Chumvi imelala," alisema mbele ya pilau. "Na moto wote umekimbilia chini. Tieni chumvi, mkaa upande juu ya mfuniko. Bado."

"Bi Hidaya, bwana harusi atazeeka!" alipiga kelele mmoja.

"Azeeke ameshiba."

Wakacheka, wakarudisha mkaa. Chakula kikachelewa.

Bi Siwema alikuwa ameketi mkekani. Aliposikia mara ya kwanza kwamba pilau inapakuliwa, alikwenda pembeni akabandika kibandiko chake cha dawa tumboni, kama alivyofundishwa kufanya kabla ya kula. Dawa ikaingia mwilini ikitafuta chakula. Chakula kilikuwa bado jikoni kinasubiri chumvi.

Mama Chausiku alipompita, Bi Siwema alimshika gauni akamwita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Paji la uso lilikuwa limeloa. Mikono ilitetemeka.

"Siwema?" Bi Hidaya alimpandisha mkono wa gauni. Punje ilikuwa bluu.

"Chai! Chai tamu, haraka! Na nesi aitwe!"

Harusini palikuwa na mabirika mawili siku zote, lenye kitambaa chekundu kwenye mpini lilikuwa la chai ya sukari, lenye cheupe la chai isiyo na sukari. Mama Chausiku alinyakua lililokuwa karibu, akamimina katika kikombe cha kwanza alichokiona. Bi Hidaya alikipokea, na kwa mazoea ya maisha yake yote akaonja kwanza.

"Tamu. Tamu hasa. Kunywa, shoga yangu. Kunywa yote."

Bi Siwema alikunywa. Wakamwongeza. Akanywa tena, nusu ikimwagika kidevuni. Wakasubiri, macho yote mkononi mwake. Bluu ilizidi kukolea.

"Mbona haipandi?" Sauti ya Bi Hidaya ilikuwa imekonda. "Mbona haipandi, na chai tamu hivi?"

Salha alikuwa anatokea upande wa pili na sinia la kachumbari. Aliiona bluu. Kisha alikiona kikombe, na maua yake ya samawati.

Sinia alilitua chini hata hajui alilitua vipi. Hakufikiri habari ya siri wala ahadi. Alichota sukari kwenye kopo la wapishi, akapiga magoti, akamtia Bi Siwema kidogo kidogo ndani ya shavu. "Lamba, bibi. Lamba hivyo hivyo." Akaomba machungwa. Wanawake wanne wakakamua kwa mikono, yeye akakoroga sukari humo, akamnywesha kwa bilauri ya bati. Akamwambia maneno mepesi, akimpangusa jasho, mpaka taa ile ikaanza kupauka, ikapauka, kisha polepole ikawa kijani.

"Salha," alisema Bi Siwema, akipepesa macho. "Mbona umenililia kifuani?"

Uani pakapumua. Mtu alipiga kigelegele, mwingine akamnyamazisha, mwingine akaleta mkate na maharage ili mgonjwa ale na sukari isishuke tena.

* * *

Nesi alikuja, akampima Bi Siwema, akasema ameokolewa vizuri. Aliwakumbusha tu kwamba kibandiko hakibandikwi mpaka sahani iwe mbele ya macho. Akapewa kiti, naye akakaa.

Hapo ndipo mtu alipoliona birika.

"Mama Chausiku, hili lina kitambaa cheupe! Umempa isiyo na sukari!"

Mama Chausiku alijishika kichwa. "Mungu wangu. Lakini... lakini Bi Hidaya kaonja."

Wote wakageuka.

"Nimeonja," alisema Bi Hidaya. "Ilikuwa tamu."

Alilichukua birika lile, akadondosha chai kiganjani mwake, akalamba. Akadondosha tena. Salha aliuona uso ule aupendao ukishuka, kama nyumba inayozimwa taa chumba kimoja kimoja.

"Maji matupu," alisema Bi Hidaya taratibu. "Haina sukari. Na mimi nilisema tamu." Alikifungua kijiko chake kutoka kwenye ncha ya kanga, akakiweka juu ya meza ya vitunguu. "Basi umekufa, ulimi wangu, na mimi sikuambiwa. Ningemuua Siwema kwa mkono wangu. Tafuteni mtu mwingine aonje pilau."

Hawakumlaumu. Mama Chausiku alimshika kiganja akamkausha chai kwa kanga yake mpya ya harusi, na mwingine akamsogezea kiti kivulini. Walimwambia ni uzee tu, unampata kila mtu, akae apumzike. Kwa wema wao wote, kila neno lilimfanya azidi kuwa mdogo katika kiti kile.

Salha alisimama na sukari vidoleni. Bi Siwema alikuwa mzima, anatafuna mkate. Vikombe vilivyobaki angeweza kuvikusanya mwenyewe, kimoja kimoja, akijifanya anaviosha. Hakuna ambaye angejua. Kesho angepika chai, Bi Hidaya angeinywa, na punje yake ingebaki kijani. Kitu kimoja tu kingepotea: mama yule angerudi nyumbani akiamini kwamba ulimi wake umekufa na akili inaufuata, na asingeonja tena sufuria ya mtu. Na akisema? Akisema, atakuwa ameitoa mikononi mwake imani ya mtu pekee aliyewahi kumwita mwanangu.

"Mama," alisema. "Ulimi wako mzima."

"Usinibembeleze mbele za watu, Salha."

"Sikubembelezi. Ni vikombe."

Alichukua birika la kitambaa cheupe, akamimina katika kikombe cha maua, akampa Mama Chausiku. "Onja."

"Tamu!"

Akamimina kutoka birika lile lile katika bilauri ya bati. "Na hii."

Mama Chausiku alionja, akaitazama bilauri, akakitazama kikombe. "Haina kitu. Jamani, haina kitu!" Kikombe kikapita mkono hadi mkono, kila mmoja akishangaa kwa zamu yake. Bi Hidaya alikuwa wa mwisho. Alionja kikombe. Akaonja bilauri. Akapitisha kidole ukingoni, pole pole, mzunguko mzima.

"Kwa hiyo ulimi wangu ni mzima."

"Mzima, mama."

Kwa nukta moja uso wake ulifunguka wote, furaha tupu. Kisha ukafunga.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Nami nikikuombea dua. Nawe ukiitika amina."

Bi Hidaya akainuka, akakivuta kijiko chake kutoka juu ya vitunguu.

"Geuzeni vikombe vyote vilivyo humu," aliwaambia wanawake. "Chenye tone la kijani chini kileteni hapa, kisibaki hata kimoja, hata kama mtu anakinywea." Uani pakajaa mlio wa vyombo. "Na wewe Siwema, na ninyi wengine niliowahubiria. Yale niliyosema juu ya sukari, yatoeni vichwani. Punje yangu ilikuwa kijani kwa sababu nilitembea na nikala mchunga na sukari sikuila. Mimi mwenyewe sikujua kwamba sikuila. Siwema, vijiko vyako viwili, viondoe leo."

"Nimeviondoa," alisema Bi Siwema, mdomo umejaa mkate. "Ila jamani, chai ile ilikuwa tamu."

Hapo hata nesi alicheka. Bi Hidaya hakucheka, lakini alikwenda kwenye pilau, akadondosha kiganjani, akalamba, watu wakisubiri.

"Sasa," alisema. "Pakueni."

* * *

Baada ya harusi, Bi Hidaya aliendelea na msafara wake na sahani yake ya mchunga. Alimjibu Salha kila alichoulizwa. Lakini chai hakuigusa. Alikunywa maji.

Salha alivirudisha vikombe kwa fundi Kihiyo, akasimama pale akikaripiwa, na fundi akijikaripia mwenyewe pamoja naye, huku akipitisha mstari mwekundu kimoja baada ya kingine. Alipovipanga tena kabatini, Bi Hidaya alikuwa amekaa nyuma yake, anachambua maharage.

"Walipomnyima Hizza chai," alisema ghafla, "walimwambia hapana machoni pake. Nikawachukia. Wewe hukuniambia hapana. Hukuniambia lolote. Najiuliza nani kanitendea vibaya zaidi, na sipati jibu."

"Niliogopa, mama. Niliiona ile nyekundu, nikaona utakufa."

"Najua." Alisaga mchanga wa maharage kati ya vidole. "Miguu hii ninayotembelea, wewe pia umeishika isianguke. Sijasahau. Ndiyo maana nakosa hata pa kukasirikia vizuri."

Salha alikaa chini kando yake, akavuta ungo upande wake, wakachambua pamoja.

"Lakini mtu mzima anaulizwa, Salha. Hata kama atajibu upuuzi."

"Ungejibu upuuzi, mama."

"Ningejibu upuuzi mtupu," alikubali Bi Hidaya, na kona ya mdomo wake ikatikisika. "Ningevivunja vyote. Halafu labda wiki ya pili ningekuja kukuomba kimoja, kwa siri. Hatutajua sasa. Hicho ndicho ulichonichukulia, si sukari."

"Nisamehe."

Bi Hidaya hakusema amesamehe. Alichagua punje ya harage iliyoliwa na mdudu, akaitupa, akaendelea kuchambua. Lakini hakuondoka.

Asubuhi iliyofuata, waliporudi kutoka daraja la reli, Salha alibandika sufuria jikoni. Maziwa yalipoanza kutoa moshi, aliacha mwiko, akaenda hadi kibarazani, akasimama mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, chai ya leo niipike vipi?"

Bi Hidaya aliinua macho. Jikoni maziwa yalitaka kufurika, ila Salha hakukimbilia jiko, alisubiri.

"Ipike bila sukari," alisema mwishowe. "Na nitilie kwenye bilauri ya bati. Nataka nikijue ninachokikataa."

Salha alileta bilauri, imefungwa kitambaa isimuunguze. Bi Hidaya alipuliza, akanywa funda moja. Uso wake wote ulikunjamana.

"Mbaya," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mbaya sana." Akanywa funda la pili. Aliizungusha chai mdomoni kama anavyofanya mbele ya sufuria ya watu, akimeza taratibu, akitazama mbali. "Tangawizi umetia nyingi. Imeiua hiliki."

"Samahani, mama."

Bi Hidaya alikunywa tena, akaishusha bilauri magotini, akaishikilia kwa mikono yote miwili.

"Kesho utie kidogo," alisema.